Usalama wa hadwea na AI: uingilie upande wa chuma, wa data au wa watu?

Wakuu, kila msimu wa maombi ya skolashipu ukifika watu wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti, nataka kufanya utafiti wa usalama wa kompyuta, ule wa kwenye chipu yenyewe, na nataka AI iwemo ndani maana ndiko dunia inakoenda, sasa nisome nini na niende wapi. Ukimuuliza maswali mawili matatu unakuta anachokijua ni jina la fani tu. Simlaumu, hii fani haina idara moja. Ukienda Bochum kule Ujerumani unaikuta kwa mainjinia wa umeme, kwa wanahisabati na hadi kwa wanasaikolojia, Leuven Ubelgiji unaikuta kwa mainjinia na wanasheria, Cambridge utakuta mpaka watu wa uchumi na wa kriminolojia wamo. Kwahiyo kabla hujachagua chuo chagua upande, na mimi naona pande ziko tatu: wa chuma, wa data na wa watu. Naziweka hapa pamoja ujipime mwenyewe, ila nasema mapema kabisa mimi sio refa, nina upande wangu.

Upande wa chuma

Huu ndio mkongwe. Mwaka 1996 Paul Kocher alionesha kwamba ule muda tu ambao mashine inatumia kupiga hesabu za siri unatosha kuvujisha ufunguo, na 1999 yeye na wenzake wawili, Jaffe na Jun, wakaja na kubwa zaidi, kwamba hata umeme ambao chipu inakula unaongea. Yaani hesabu yenyewe hujaivunja, iko salama kabisa kwenye makaratasi, ila chipu inapoipiga inakula umeme kidogo zaidi au pungufu kutegemea data iliyomo, sasa ukipima mara mia au mara elfu kadhaa ukachanganya na takwimu kidogo ufunguo unajitokeza. Watu wa fani wanaita saidi chaneli. Mwaka huohuo 1999 Christof Paar na Çetin Koç wakaanzisha mkutano wa utafiti wa usalama wa hadwea unaoitwa CHES kule Worcester, Massachusetts, na mpaka leo mtu wa chuma akikwambia ana pepa CHES jua sio mtu wa mchezo.

Paar akahamia Bochum 2001, na kikundi chake 2008 kikaivunja KeeLoq, mfumo uliokuwa kwenye rimoti nyingi za magari na mageti, kwa njia hiyohiyo ya kupima umeme. 2019 hapohapo Bochum ikafunguliwa taasisi ya Max Planck ya usalama na faragha, Paar akiwa mmoja wa wakurugenzi waanzilishi pamoja na Gilles Barthe. Graz, Austria, wao jina lao lilitapakaa Januari 2018 walipokuwa miongoni mwa timu zilizoibua Meltdown na Spectre, zile kasoro za prosesa zilizofanya dunia nzima i-update kompyuta zake kwa wiki kadhaa, na hata ile dawa ya Meltdown iliyoingia kwenye mfumo endeshi wa Linux chimbuko lake ni kazi ya haohao watu wa Graz inaitwa KAISER.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui ni bei. Mtu anasikia hadwea anawaza mashine za mabilioni anakata tamaa. Desemba 2024 watafiti wa Leuven, Lübeck na Birmingham walitoa shambulio la BadRAM, lililovunja ulinzi wa prosesa za AMD za kwenye seva za klaudi, ule ulinzi unaotakiwa kukukinga hata na mwenye seva mwenyewe. Vifaa vyake vinagharimu kama dola 10. Walichofanya ni kukidanganya kile kichipu kidogo kilichopo kwenye RAM ili kiiambie kompyuta kwamba RAM ni kubwa kuliko ilivyo, basi, mengine yanafuata. 2022 Lennert Wouters wa Leuven aliingia ndani ya mfumo wa dishi la Starlink, ile intaneti ya satelaiti, kwa kifaa alichounda mwenyewe, vipuri vya kama dola 25. Kwahiyo hela sio kikwazo cha kwanza, kikwazo cha kwanza ni mikono na subira.

Ila nisikupambe, kuna kazi za chuma ambazo bila maabara huzigusi. 2024 Thomas Roche wa NinjaLab, Ufaransa, alitoa shambulio la EUCLEAK dhidi ya chipu za Infineon zilizomo kwenye YubiKey 5, vile vifunguo vya kuchomeka kwenye kompyuta ili uingie kwenye akaunti, na vitu vingine kibao, vifaa vyake vilikuwa vya kama euro 11,000. Na angalia hii, kasoro ile ilikaa miaka 14 ikapita kwenye ukaguzi wa ngazi ya juu wa Common Criteria, vile vigezo vya kimataifa vya usalama wa bidhaa, kama mara 80 bila mtu kuiona. Mimi nikisoma kitu kama hicho naona kazi bado ipo ya kutosha kwa mtu mvumilivu.

Udhaifu wa huu upande ni kwamba unaenda polepole na haujifunzi kwa video. Utaunguza bodi. Utakaa mwezi unatafuta kwanini vipimo vyako vina kelele na kumbe ni chaja ya laptopu iliyo pembeni. Unahitaji mtu aliyekaa karibu yako anayejua, na huyo mtu kwa kawaida yuko kwenye maabara yenye watu wengine kumi kama yeye. Ndio maana upande huu mahali ulipo panabeba uzito kuliko pande zingine zote.

Upande wa data

Hapa ndipo wote wanakimbilia na hapa ndipo nina maneno mengi. Mtu akisema "AI na usalama wa hadwea" anaweza kuwa anaongelea vitu vitatu tofauti kabisa, na usipovitenganisha utaandika propozo ambayo msomaji anaiweka pembeni kwenye aya ya pili.

Kwanza kuna AI kama silaha. Unachukua vile vipimo vya umeme, badala ya kupiga takwimu za mkono unafundisha mtandao wa neva, yaani modeli ya AI inayojifunza kwa mifano, uusome ufunguo moja kwa moja. Data maarufu kuliko zote ni ASCAD iliyotolewa na wakala wa usalama wa mifumo wa serikali ya Ufaransa, ANSSI, pamoja na wenzao: vipimo 50,000 vya kufundishia na 10,000 vya kujaribia, kila kimoja na pointi 700, kutoka kwenye kichipu kidogo cha biti 8. Ni ya bure, na inafundishika hata kwenye GPU (chipu ya kuchakata picha ambayo ndiyo inafundishia AI) ya kuazima mtandaoni. Uzuri wake ndio ubaya wake, kila mtu anaitumia hiyohiyo, pepa zimejaa za "modeli yangu inapata ufunguo kwa vipimo vichache kuliko ya fulani" na mwisho wa siku ni kichipu kilekile. Ukweli mchungu zaidi ni kwamba modeli uliyoifundisha kwenye chipu moja mara nyingi inayumba ukiipeleka kwenye chipu nyingine ya toleo hilohilo, zimetoka kiwanda kimoja ila kila moja ina tabia yake. Mtu ambaye hajawahi kupima chipu kwa mkono wake hawezi kulielewa tatizo hilo, atabaki anaongeza leya tu, yaani matabaka ya modeli.

Pili kuna AI kama mhanga. Hii mimi naipenda. 2019 Lejla Batina, Shivam Bhasin, Dirmanto Jap na Stjepan Picek walionesha kwamba ukisikiliza mawimbi ya sumaku-umeme yanayotoka kwenye kichipu kinachoendesha mtandao wa neva unaweza kujua una leya ngapi, neuroni ngapi, mpaka zile namba za ndani ambazo kampuni inazificha kama siri ya biashara. 2025 watu wa Chuo Kikuu cha Toronto wakaja na GPUHammer: ukiigonga memori ya GPU ya NVIDIA A6000 kwa mpangilio maalum, yaani kusoma safu zilezile haraka haraka mara nyingi, biti ya safu ya jirani inageuka, na biti moja tu ikigeuka mahali pabaya usahihi wa modeli unaporomoka kutoka asilimia 80 hadi 0.1. Biti moja! NVIDIA wenyewe wakashauri watu wawashe ECC, ile kinga ya kusahihisha makosa ya memori. Fikiria hospitali inayosoma picha za X-ray kwa modeli iliyopo kwenye GPU ya kukodi inayotumiwa na wateja wengine.

Tatu kuna AI kama msaidizi wa ukaguzi. Mfano mzuri ninaoujua ni wa Bochum 2023. Walichukua chipu za vizazi vinne, nanomita 90, 65, 40 na 28, wakawa na mchoro wa asili wa kila chipu na chipu halisi kutoka kiwandani, alafu upande mmoja wakaubadilisha mchoro kidogo mahali 40 kuigiza mtu aliyechomeka trojani, yaani sakiti ya siri ya hujuma, upande mwingine wakaipiga chipu picha kwa hadubini ya elektroni na kulinganisha. Mabadiliko 37 kati ya 40 yakaonekana, matatu yaliyopotea yote yalikuwa kwenye ile ndogo ya nanomita 28. Kengele za uongo zilikuwa kama 500 tu kwenye seli, vile vipande vidogo vya sakiti, zaidi ya milioni 1.5. AI yenyewe hawakuitumia, walitumia njia za kawaida za kuchakata picha, ila wakasema wazi kwamba kufundisha modeli kungeweza kuyapata hata hayo matatu, wakaziachia picha na programu zao bure kwa yeyote. Wakuu, hii ni kazi ambayo mtu aliyeko Dodoma au Eldoret mwenye intaneti ya kueleweka anaweza kuianza kesho bila kumiliki hadubini. Nashangaa watu wanaendelea kugombania ASCAD.

Kwahiyo nguvu ya upande wa data ni kwamba unaanza popote, kwa hela ndogo, na matokeo ya kwanza unayapata ndani ya wiki. Udhaifu wake ni msongamano, na kwamba bila mtu wa chuma karibu yako hujui kama ulichokigundua ni cha kweli au modeli imejifunza kelele za meza.

Upande wa watu

Huu nao ni utafiti wa hadwea, sio kitengo cha uhusiano, na hapa ndipo penye nafasi tupu.

Bochum wana kazi ambayo mimi niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea link. Wanasaikolojia na mainjinia walikaa pamoja, wakafundisha wanafunzi jinsi ya kufumua chipu kujua imeundwaje, alafu wakawarekodi hatua kwa hatua wanavyofikiri, wakawalinganisha na mtaalam. Matokeo wakayatoa 2020 kwenye SOUPS, mkutano wa utafiti wa usalama unaoangalia watu. Kwanini ufanye hivyo? Kwasababu mpaka leo hakuna mashine ya kubonyeza ikufumulie chipu nzima, kazi inaenda na akili ya mtu, na kama unajua akili ya mtu inakwama wapi unaweza kuunda chipu ambayo inamkwamisha mwizi makusudi. Tatizo lao kubwa lilikuwa wataalam wenyewe ni wachache na wana shughuli zao, ndipo ikaja ReverSim, mazingira kama gemu ambamo mtu asiyejua chochote anafundishwa na kupimwa kwenye brauza. Hapo mwenye shahada ya saikolojia hakuja kupamba timu, swali la utafiti ni la kwake.

Cambridge nako marehemu Ross Anderson alishasema tangu 2001 kwamba mifumo mingi inavunjika sio kwasababu hesabu ni mbovu bali kwasababu anayetakiwa kuilinda siye anayepata hasara ikivunjika. 2010 yeye na Murdoch, Drimer na Bond wakaonesha kadi za benki za chipu na PIN zinaweza kutumika bila kujua PIN, unaweka kifaa katikati ya kadi na mashine kinachoiambia mashine "PIN ni sahihi". Benki zikasema hiyo ni ya maabara tu. Baadae kikundi cha wahalifu Ufaransa kikakamatwa kikiwa kimefanya jambo hilohilo kwa kuchomeka kichipu cha pili ndani ya kadi, kadi kama 40, hasara kama euro 600,000. Sasa nani alipe, mteja au benki? Hilo swali haliulizwi na oskiloskopu, ile mashine ya kupimia mawimbi ya umeme.

Kwetu huku upande huu una mambo mengi sana. Pesa za simu zinalala kwenye laini, na 2013 Karsten Nohl wa Berlin alionesha baadhi ya kadi za SIM zenye enkripsheni ya zamani ya DES zinavunjika kwa kutumiwa SMS za kificho. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ya kwake ni ya 2022 ikaanza kazi Mei 2023. Ufunguo ukivuja kutoka kwenye chipu ya kitambulisho, je hiyo ni data ya mtu iliyovuja au ni bidhaa mbovu? Mwanasheria anayeweza kusoma pepa ya CHES na kuelewa angalau nusu yake, huku Afrika Mashariki sijui kama unamaliza vidole vya mkono mmoja kumhesabu. Waestonia walishaonja, 2017 kasoro ya funguo za chipu iitwayo ROCA, iliyogunduliwa na watafiti wa Brno, Czech, iliwagusa wenye vitambulisho kama 750,000, serikali ikalazimika kusimamisha vyeti vya kidijitali vya kadi hizo, na maamuzi hayo hayakufanywa na mainjinia peke yao.

Ubaya wa upande huu? Kila idara itakuona mgeni. Wasaikolojia watasema sampuli yako ndogo, mainjinia watasema hujagundua shambulio lolote. Na kazi ukimaliza haina jina moja kwenye tangazo la ajira.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Hela ya kuanzia: data ni rahisi kuliko zote, watu inafuata, chuma inategemea, bodi ya mazoezi kama ChipWhisperer Nano inanunulika ila kumbuka usafirishaji na ushuru wa forodha, vinaweza kukuumiza kuliko bodi yenyewe.

Muda mpaka uwe na kitu cha kuonesha, data ni wiki, chuma ni miezi na saa nyingine mwaka, watu unategemea kibali cha maadili ya utafiti na kupata washiriki, hapo usijipe moyo sana.

Kusoma: hapa pande zote mko sawa na hii ni bahati. Pepa za CHES ni bure kwa wote tangu 2018 zilipohamia kwenye jarida lake, za mikutano ya USENIX ni bure, ePrint ambayo ni hifadhi ya pepa ya IACR, chama cha watafiti wa kriptografia, ni bure. Hakuna kisingizio cha maktaba.

Kubadilisha mawazo baadae: hili ndilo linaloniegemeza upande wangu, wa chuma. Mtu wa chuma akitaka kuongeza kufundisha modeli anaweza, miezi sita akiwa makini anaenda. Mtu wa data akitaka kuwa wa chuma anaanza upya kabisa, multimita, kuchomelea, sakiti, na umri hauko upande wake wala familia haisubiri. Mtu wa watu akitaka kwenda popote kati ya huko ni safari ndefu zaidi, ila yeye ana faida kwamba wale wengine hawawezi kumfuata kirahisi.

Mahali: kama ni chuma usibaki nyumbani, nenda. Bochum iko jimbo ambalo vyuo vya serikali havitozi ada ya masomo hata kwa wasio wa Ulaya (jimbo la Baden-Württemberg wao wanatoza, euro 1,500 kwa semista, msichanganye), ila ile akaunti ya kufungiwa kwa ajili ya viza, unayoweka humo hela ya kujikimu, Septemba 2024 ilipanda hadi euro 11,904 kwa mwaka na hiyo ndiyo inayowaangusha wengi. Graz ada ya kawaida kwa wasio wa Ulaya ni euro 726.72 kwa semista. PhD ni habari nyingine, Ujerumani, Austria na Ubelgiji kwenye fani hizi mara nyingi ni ajira au inalipiwa, kwahiyo mtu mwenye masta nzuri ya huku nyumbani akipata nafasi ya moja kwa moja anaruka huo mzigo wote. Kama ni data au mchanganyiko, msiidharau Kigali, Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, wapo pale tangu 2011 wana masta za IT, za umeme na kompyuta na za uhandisi wa AI, na kuna skolashipu za Mastercard Foundation. Nguvu yao siioni kwenye kufumua chipu, iko zaidi kwenye vitambulisho vya kidijitali na mifumo ya fedha, ila hiyo sio kasoro. Kwa wanasheria, CIPIT, kituo cha sheria na teknolojia pale Strathmore Nairobi, ni mahali pa kuanzia kabla hujafikiria Leuven ambako kuna kituo cha sheria na teknolojia kinachoitwa CiTiP kwenye chuo kilekile chenye mabingwa wa chuma.

Sasa wewe ni nani

Umesoma umeme au elektroniki, una chini ya miaka 28 na huna mtoto anayeanza shule: chuma, bila kujiuliza mara mbili. AI utaiongeza huko huko, tena utaiongeza ukiwa unajua vipimo vimetoka wapi.

Umesoma sayansi ya kompyuta na laptopu ndio kila kitu ulichonacho: data, ila usiende kwenye AI kama silaha, nenda kwenye AI kama mhanga au ukaguzi wa picha za chipu. Zile picha za Bochum zipakue, jaribu kuyapata mabadiliko ya ile chipu ya nanomita 28, hata ukifeli andika kurasa nne kwanini umefeli. Hizo kurasa nne zikiambatana na barua pepe kwa profesa zina uzito kuliko GPA yako.

Umesoma sheria, saikolojia, uchumi au sosholojia na unaogopa hesabu: njoo, ila ukubali kujifunza angalau namna chipu inavyovuja umeme, kozi moja tu, mpaka uweze kumuuliza injinia swali ambalo hakulitegemea. Na umtafute huyo injinia kabla hujaandika propozo sio baada, maana nimeona propozo nyingi za "AI, sheria na usalama wa hadwea" ambazo neno hadwea lipo kwenye kichwa cha habari tu.

Kama wewe ni mwalimu wa chuo tayari na una wanafunzi wa mwaka wa nne wanaotafuta mada za projekti, nunua bodi mbili kwa idara, wape wawili wa umeme na mmoja wa kompyuta, alafu mkope mwanafunzi mmoja kutoka kitivo cha sheria. Watagombana semista nzima ila mada za masta zitatoka humo.